Donge la Orofa ya Tano

Lilikuwa donge la zege, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga,
kijivu, lenye ubavu mmoja unaomeng'enyeka
ukiusugua kwa kidole gumba.
Mimi ndiye niliyelizaa.

Ulaanbaatar, mwezi wa kumi na moja.
Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Tulimwaga nguzo ya kona jioni,
tukaifunika mablanketi ya sufu kama mgonjwa wa homa,
nami nikaachiwa kipimajoto na daftari la zamu.
Nguzo zilikuwa nyingi, mablanketi machache.
Kesho yake wakamwaga nyingine, wakapiga kelele: leta!
Nikaivua ya kona, nikaivika ya pili.
Daftarini nikaandika: saa arobaini na nane.

Zege changa lina maji tumboni.
Maji yakiganda hutanuka,
husukuma kila punje ya mchanga mbali na jirani yake,
na kwa nje huoni kitu:
nguzo imesimama wima kama bwana harusi.

Barafu ilipoyeyuka, ikapiga magoti.
Chuluun alikuwa chini yake akifunga nondo.
Yeye aliokoka.
Mguu wake haukuokoka.

Meneja akasema, ya kambini yabaki kambini.
Zikaletwa nguzo mpya, lipu, rangi ya maziwa.
Maradhi tuliyapaka chokaa
na kilio tukakilipa kwa bahasha.

Ila Dulamsuren, msimamizi wetu,
kabla lori la kifusi halijaondoka
aliokota donge, akalitia katika mfuko wa turubai,
akavuka barabara hadi kwa mahasimu wetu,
wale tuliogombea nao zabuni, mchanga, hata mpishi.
Akalibwaga mezani
katikati ya vikombe vya chai ya chumvi.
Kofia hakuivua.
"Hili letu," akasema. "Lenu liko wapi?"

Kimya. Jiko la makaa likakohoa.
Kisha fundi mbao wao, Yadam, mzee wa maneno matatu kwa siku,
akavuta droo, akatoa klipu ya jukwaa
iliyopasuka mshazari, yenye kutu ndani ya ufa.
Wawili, akasema. Miaka sita iliyopita.
Hatukumwambia mtu.

Ijumaa kampuni ikamfukuza Dulamsuren.
Jumatatu akaajiriwa ng'ambo ya barabara.

Donge likaanza safari.
Lilipanda treni hadi Darkhan, likafika Erdenet,
likakaa majira mawili ya baridi kwenye mtambo wa makaa,
mtu akaliandika kwa rangi nyekundu: FUNIKA.
Mimi nilihama kazi mara nne
nikidhani ninalikimbia.

Mwaka wa tisa, Darkhan, asubuhi ya wageni kazini.
Mhandisi Nominzul, helmeti yake bado ina stika ya dukani,
akalitoa mfukoni, akalipitisha mkono kwa mkono.
Lilipofika kwangu, vidole vililijua kabla ya macho.
"Nguzo hii," alisema, "ilifunikwa saa arobaini na nane,
na bado iliganda. Kosa lilikuwa la saruji.
Ndiyo maana saruji ile sisi hatununui."
Akaandika ubaoni: 48.

Basi uongo wangu nao ulikuwa umepanda treni,
umekula, umelala, umepata heshima,
umefundisha watu.

Nilisimama. Magoti yaliikumbuka ile nguzo.
"Si arobaini na nane," nikasema. "Ni kumi na tisa.
Aliyeandika ni mimi."

Nilingoja matusi.
Mtu mmoja nyuma alisogeza kiti.
Nominzul akafuta ubao kwa kiganja,
akaandika 19, chaki ikavunjika,
akaokota kipande, akanigeukia:

"Mablanketi yalikuwa mangapi?"

Miaka tisa, na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

"Sita," nikasema.
"Kwa nguzo kumi na nne."

Akaandika na hiyo.